Choo cha kukaa kwenye stoo ya sentimita 92: uchambuzi wa kisa kimoja Moshi

## Usuli

Nyumba iko Manispaa ya Moshi, ni ya chini, kuta zake ni za tofali za simenti za inchi sita. Majina na mtaa tumeviondoa. Vipimo tumeviacha kama vilivyokuwa, maana bila vipimo kisa hiki hakina cha kufundisha.

Mama wa mwenye nyumba aliishi mlimani, kwenye kihamba chake, yaani shamba la nyumbani, mpaka magoti yalipomgomea na wanawe wakamshusha mjini. Choo kilicho karibu na chumba chake kilikuwa cha kuchuchumaa, mwisho wa korido. Kuchuchumaa aliweza, shughuli ilikuwa kuinuka. Alikuwa akijivuta kwa kushika bomba la maji, na bomba likaanza kulegea ukutani. Nyumba ina choo kingine, cha kukaa, ila kimo ndani ya chumba cha mwanawe na mkewe. Mama mtu kupita mbele ya kitanda cha mwanawe na mkwewe usiku wa manane kwenda kujisaidia ni jambo ambalo hata akibembelezwa hafanyi. Likabaki moja: choo cha korido kigeuzwe kiwe cha kukaa.

Tatizo ni kwamba chumba hicho hakikujengwa kiwe choo. Kilikuwa stoo. Ndiyo maana mlango wake una upana wa sentimita 80, na ndiyo maana kona moja ina nguzo ya zege iliyojitokeza ndani. Nguzo hiyo inabeba slabu ambayo juu yake limesimama simtanki la lita 1,000, yaani likijaa ni tani moja ya maji. Maji machafu ya nyumba yanakwenda chemba (shimo dogo lenye mfuniko ambamo mabomba hukutana), kisha tangi la septiki nyuma ya uwanja.

## Vipimo vya chumba

Simama mlangoni utazame ndani. Upana ni sm 92. Kutoka ukuta wa mlango hadi ukuta wa nyuma ni sm 140. Nguzo iko kona ya nyuma kulia, imetokeza sm 15 kutoka ukuta wa kulia na sm 12 kutoka ukuta wa nyuma. Mlango unafungukia ndani, bawaba ziko kushoto. Katikati ya tundu la choo cha kuchuchumaa palikuwa sm 41 kutoka ukuta wa nyuma na sm 43 kutoka ukuta wa kushoto. Chini ya sakafu kulikuwa na trapu, ule mkunjo wa bomba unaobaki na maji ili harufu isirudi ndani, kisha bomba la inchi 4 linalopita chini ya mkanda wa zege wa msingi hadi kwenye chemba iliyo sm 180 nje ya ukuta.

Vipimo hivyo vyote ni vya ukuta wenye lipu tu. Marumaru pamoja na gundi yake zilitarajiwa kula karibu sm 2 kila upande. Chumba kilichomalizika kingekuwa sm 88 kwa sm 136, na hicho ndicho chumba halisi ambacho sinki, yaani bakuli la choo cha kukaa, linatakiwa kuingia. Anayepima ukuta wa lipu akanunua kwa kipimo hicho amenunulia chumba ambacho baada ya wiki mbili hakitakuwepo.

Kanuni za mabomba zinazotumika sehemu kubwa ya Marekani zinataka angalau sm 38 kutoka mstari wa katikati ya sinki hadi ukuta au kizuizi chochote upande wowote, na angalau sm 53 za nafasi wazi mbele ya sinki. Hakuna aliyelazimika kuzifuata Moshi, lakini ni vipimo vilivyotokana na mabega na magoti ya binadamu, kwa hiyo vilitumika hapa kama kipimo cha chini.

## Sinki la kwanza

Familia ilinunua kabla ya kupima. Sinki lenyewe halikuwa baya: seti yenye tangi lililokaa juu ya sinki, urefu sm 68, tundu la kutolea uchafu likielekea chini (mafundi huita trapu ya S), lililotengenezwa kwa umbali wa sm 30 kutoka ukuta hadi katikati ya tundu. Umbali huo ndio wa kawaida kwa seti nyingi za aina hiyo madukani. Zipo pia za sm 25 na sm 40, ila ni lazima uulize.

Tundu la sakafuni lilikuwa sm 41. Fundi wa kwanza alilifuata tundu, akalikalisha sinki juu yake, na tangi likasimama sm 11 mbele ya ukuta. Pengo akaliziba kwa kipande cha ubao ili tangi lipate pa kuegemea. Chini akamwaga simenti kuzunguka kitako chote.

Mbele hesabu ilikuwa hivi: sm 11 za pengo na sm 68 za sinki ni 79. Toa kwenye 140, zimebaki 61. Mlango wa sm 80 unaofungukia ndani ulianza kuzunguka ukagota kwenye ukingo wa sinki kabla haujafika theluthi mbili ya mzunguko wake. Mtu mwembamba alipita kwa ubavu. Mama, mwenye fimbo mkononi, hakupita.

Hilo lilionekana siku hiyohiyo. La pili lilichukua siku mbili kujulikana: ukiflashi, maji yanapanda hadi karibu na ukingo, yanatulia, yanatoa milio ya bulubulu, kisha yanashuka polepole na karatasi imebaki palepale. Fundi alisema tangi ni dogo. Akainua boya ili tangi lijae zaidi. Maji yakapanda zaidi.

## Kutafuta chanzo

Fundi wa pili alianza nje. Alifungua mfuniko wa chemba, akamwomba kijana amwage ndoo kwa nguvu ndani ya sinki. Maji yalifika chemba yakiwa yamechelewa na yanakuja kwa mafungu, kama mtu anayemimina chupa iliyopinduliwa. Kisha wakamwaga ndoo kwenye choo cha ndani ya chumba cha kulala, ambacho kinaingia chemba hiyohiyo: maji yakaja kwa mkupuo mmoja. Kwa hiyo chemba haikuziba na septiki haikujaa. Ubovu ulikuwa kati ya sinki jipya na chemba, kwenye mita mbili tu za bomba.

Sababu ilikuwa trapu mbili. Choo cha kuchuchumaa cha kawaida hakina trapu ndani yake. Trapu yake huzikwa chini ya sakafu. Sinki la kukaa lina trapu yake mwilini, ndani ya ule udongo. Fundi wa kwanza aling'oa bakuli la kuchuchumaa akaacha trapu ya chini mahali pake, akaliweka sinki juu. Kati ya maji ya trapu ya juu na maji ya trapu ya chini pakabaki hewa isiyo na pa kutokea. Ukiflashi, maji yanaisukuma hewa ile, nayo inasukuma kurudi. Nguvu yote ya mkupuo inaishia hapo.

Kwa sinki hili madhara yalikuwa makubwa kuliko kawaida kwa sababu lilikuwa la kufyonza: njia yake ya ndani ni nyembamba na yenye mizunguko, na inafanya kazi pale tu njia hiyo inapojaa maji kwa ghafla ili ivute kilicho nyuma. Hewa iliyofungwa chini inazuia njia isijae. Sinki la kusukuma, lenye njia pana na fupi, lingesumbua kidogo lakini lingepitisha. Lingeziba baadaye, kwenye trapu ya chini, ambayo haina mlango wa kuizibulia.

Bomba la kutolea hewa halikuwa jibu hapa. Lilipendekezwa na jirani, na pendekezo lake halikuwa la kipumbavu, ila kuongeza bomba la hewa juu ya trapu iliyozikwa kungeacha uchafu ukituama kwenye trapu ileile. Trapu moja ilitakiwa kuondoka.

## Machaguo yaliyopimwa

Sinki la kwanza likishatolewa, kabla ya kwenda dukani tena, boksi lake lilikatwa kwa kisu kuwa vipande viwili vya karatasi ngumu: kimoja cha sm 68 kwa 36, kingine cha sm 61 kwa 36. Kila kimoja kililazwa sakafuni mahali sinki lingekaa, juu yake kikawekwa kigoda cha plastiki, na mama akaombwa akae na kuinuka akiwa na fimbo yake. Hapo ndipo lilipoonekana jambo ambalo futi haisemi. Mtu mwenye magoti mabovu hainuki wima. Anavuta miguu nyuma, anainamisha kiwiliwili mbele, ndipo anainuka. Kwenye karatasi ya sm 68, iliyowekwa mbele ya tundu la zamani kama sinki lilivyokaa, mama alisema: "Mwanangu, hapa nikiinama kichwa kinaugonga mlango." Kwenye karatasi ya sm 61 iliyosogezwa hadi ukutani aliinuka bila kusema neno.

Kuhamisha tundu la sakafuni. Kutoa trapu ya chini, kuweka bendi (kipande cha bomba kilichopinda) moja laini, na kulisogeza tundu liwe sm 30 kutoka ukuta uliomalizika. Kwa kazi ya kawaida hili ndilo tungelipendekeza: sinki lolote la dukani lingeingia na mbele zingebaki sm 68. Fundi alibomoa sakafu kidogo kuangalia. Kiungio cha trapu na bomba kilikuwa kimemwagiwa zege, na kilikuwa chini ya mkanda wa msingi, pembeni ya nguzo inayobeba simtanki. Kuchimba chini ya mkanda karibu na nguzo yenye tani moja ya maji juu yake, kwa ajili ya bendi ya choo, hakuna mwenye akili anayeshauri. Likafutwa.

Sinki la kuning'inia ukutani. Hili hupendwa na wanaotafuta nafasi, na hapo ndipo wengi hudanganyika. Sinki lenyewe ni fupi, sm 50 hadi 54 hivi, lakini fremu ya chuma na tangi vinafichwa kwenye ukuta wa mbele wenye unene wa sm 15 au zaidi. Jumlisha: umefika 65 hadi 69, umerudi ulikotoka. Linaokoa nafasi pale fremu inapoingia ndani ya ukuta uliopo. Ukuta wa tofali la inchi sita ukiuchonga kiasi hicho umebaki na ganda. Sakafu chini yake inasafishika vizuri, hilo ni kweli.

Sinki la kona. Tangi lake ni la pembetatu na linakaa kwenye pembe ya kuta mbili. Kona ya kulia ina nguzo. Kona ya kushoto ilikuwa wazi, lakini sinki la kona linatazama mshazari, na kwenye chumba cha sm 88 magoti yangetazamana na ukuta wa kulia. Tena vipuri vya tangi la pembetatu havipatikani kila duka.

Tangi la juu na bomba la kuteremshia maji. Lile la zamani la mnyororo, ambalo sasa ni la plastiki. Ni rahisi, na linaweza kukwepa nguzo kwa sababu tangi si lazima liwe nyuma ya sinki. Lilikataliwa kwa sababu moja: mvutano wa kamba unahitaji mkono ulioinuliwa juu ya bega, na mtumiaji alikuwa anahitaji mkono huo kujishikilia.

Sinki fupi lenye tundu la nyuma (trapu ya P). Urefu sm 61, la kusukuma, tundu linatoka nyuma kwa mlalo, katikati yake likiwa sm 18 juu ya sakafu. Uchafu unatoka kupitia ukuta, unashuka nje, unaingia chemba. Tundu la sakafuni linazibwa moja kwa moja, mkanda hauguswi, nguzo haiguswi. Hili ndilo lililochaguliwa.

Kuhusu sinki la kwanza, liliulizwa swali la haki: kwa nini lisigeuzwe litokee nyuma? Masinki mengi ya kusukuma yanayouzwa kama trapu ya S kwa kweli ni trapu ya P iliyovishwa kipande cha plastiki kilichopinda kwa chini. Ukilipindua dukani unakiona, na ukikitoa unapata tundu la nyuma. La kwanza lilikuwa la kufyonza, njia yake imeumbwa kwa udongo hadi chini. Halina cha kutoa.

## Kazi ilivyokwenda

Kulitoa sinki la kwanza kulichukua nusu siku kwa sababu ya ile simenti. Fundi alikata kwa tindo taratibu, na bado kitako kilipasuka. Kwa hiyo hata duka ambalo pengine lingekubali kubadilishana halikuwa tena na cha kupokea.

Sinki la sm 61 lenye tundu la nyuma halikupatikana Moshi wiki ile, likafuatwa Arusha, kilomita 80 hivi. Dukani yalikaguliwa mambo manne. Urefu ulipimwa kwa futi kutoka mgongo wa tangi hadi ncha ya sinki, kwa kuwa namba ya kwenye boksi huwa ni ya boksi. Kimo cha tundu kilipimwa kutoka chini hadi katikati: sm 18. Mdomo wa kuingizia maji kwenye tangi uliangaliwa uko upande gani, kwa sababu upande wa kulia kungekuwa na nguzo na mkono wa fundi usingeingia. Hili lilikuwa na mdomo chini kushoto. Mwisho sinki liligongwagongwa kwa kifundo cha kidole mzunguko mzima. Udongo mzima unalia kama bakuli. Wenye ufa unatoa sauti ya kufa. Moja lilirudishwa stoo hivyo, likaletwa jingine.

Tundu la zamani lilizibwa hivi: kilichoweza kukatwa cha trapu kilikatwa, bomba likafungwa kwa kifuniko cha PVC kilichogundishwa, na upande wa chemba vilevile. Ukiziba upande mmoja tu unabaki na handaki la mende. Shimo likajazwa mawe, likashindiliwa, juu likamwagwa zege la sm 10 kwa uwiano wa simenti 1, mchanga 2, kokoto 4.

Ukuta wa nyuma ulitobolewa tundu la sm 13 kwa bomba la sm 11, katikati yake sm 46 kutoka ukuta wa kushoto wa lipu, ili baada ya marumaru sinki liwe na sm 44 kila upande. Nguzo haikugusa tangi: kati yao zilibaki sm 11. Nje iliwekwa bendi yenye kidirisha cha kuzibulia, bomba la kushuka, kisha mlalo wa sm 180 hadi chemba kwa mteremko wa sm 1 kwa kila sm 40, yaani sm 4.5 kwa urefu huo. Sehemu iliyo juani ilipakwa rangi, maana PVC ya kijivu ikipigwa na jua miaka inakuwa kama biskuti.

Hapo ndipo kosa la pili la kisa hiki lilipotokea, na lilifanywa na fundi mzuri. Alipima sm 18 za kimo cha tundu kutoka kwenye zege. Sakafu ilikuwa bado kumwagwa: sm 2.5 za tabaka la simenti lenye mteremko, na sm 1 ya marumaru na gundi. Sinki lilipowekwa kwa majaribio juu ya marumaru, bila kufungwa, tundu lake lilikuwa sm 3.5 juu ya katikati ya bomba la ukutani. Kipimo sahihi kutoka kwenye zege kilikuwa sm 21.5.

Bahati nzuri kosa lilikuwa la upande unaovumilika: bomba lilikuwa chini kuliko sinki, si juu. Ilitumika konekta ya sinki ya kuhepa, ile ya mpira na plastiki ambayo midomo yake miwili haiko kwenye mstari mmoja. Ipo ya sm 2 na ya sm 4. Ya sm 4 iligeuzwa ielekee chini, ikainamishwa kidogo, ikaingia. Ilisogeza sinki mbele kwa sm 2. Bomba lingekuwa juu kuliko sinki, konekta hiyo isingesaidia kitu: uchafu haupandi. Dawa ingekuwa kulijengea sinki kijukwaa.

Sinki lilifungwa kwa skrubu na plagi nne sakafuni. Silikoni ilipakwa mbele na pembeni, nyuma ikaachwa wazi makusudi. Konekta ikivuja siku moja, maji yatatokea nyuma yaonekane, badala ya kujikusanya chini ya sinki kwa mwaka mzima. Tangi lilishikiliwa ukutani kwa skrubu ndefu zenye spesa za plastiki za sm 2.

Mlango uligeuzwa ufungukie nje. Si kuhamisha bawaba tu: fremu ina mfuo unaopokea mlango upande mmoja, kwa hiyo fremu yenyewe ilitolewa ikageuzwa. Ukuta wa korido upande wa bawaba ulikuwa wazi sm 85, mlango ukafunguka hadi kulala juu yake. Komeo liliwekwa la aina inayofunguka kutoka nje kwa sarafu. Mzee akianguka chooni, mwili wake ndio unaoziba mlango unaofungukia ndani. Sababu hiyo ilitosha kuugeuza hata kama nafasi ingekuwepo.

Mkono wa kushikilia uliwekwa ukuta wa kushoto kwa boliti za kutanuka, kimo chake kikipatikana kwa kumkalisha mama na kuweka alama ya chaki pale kiganja chake kiliposukumia kwa urahisi. Kimo cha kikalio kilikuwa sm 42. Kutoka kisigino cha kandambili hadi nyuma ya goti lake ni sm 41, kwa hiyo hakuna kilichoongezwa. Vikalio vya juu vya sm 45 na kuendelea vinasifiwa kwa wenye magoti mabovu, lakini kwa mtu mfupi vinaning'iniza miguu, na mguu usiokanyaga hausaidii kuinuka.

## Matokeo

Mbele ya sinki zilibaki sm 73. Kila upande sm 44 hadi ukutani. Flashi ya lita 6 ilipeleka karatasi hadi chemba kwa mara moja, na flashi ndogo ya lita 3 ilitosha kwa haja ndogo.

Kilichosumbua wiki ya kwanza ni kujaa kwa tangi: karibu dakika tisa. Simtanki liko juu ya slabu, lakini kutoka kitako chake hadi kwenye mdomo wa tangi la choo ni mita mbili na nusu hivi, sawa na robo ya baa. Ndani ya mdomo wa boya kulikuwa na kipande kidogo cha plastiki cha kupunguza kasi, ambacho huwekwa kwa ajili ya maji yenye presha kubwa. Kilipotolewa, tangi likajaa chini ya dakika nne. Kwenye nyumba inayotegemea simtanki pekee hicho ndicho kitu cha kwanza kuangalia kabla ya kulilaumu boya.

## Uchambuzi

Fedha nyingi kwenye kisa hiki ziliteketea kwa kununua sinki kabla ya kujua tundu liko wapi na kuna nini chini yake. Kwa choo kinachobadilishwa, swali la kwanza si urefu wa sinki. Ni kama kuna trapu chini ya sakafu, na uchafu unatokea wapi: chini au nyuma. Jibu la hilo linafuta nusu ya masinki ya dukani kabla hujatoa futi mfukoni. Kinachofuata ni umbali wa tundu kutoka ukuta uliomalizika, na kama ni la nyuma, kimo chake kutoka sakafu iliyomalizika. Urefu wa sinki na mzunguko wa mlango vinakuja baada ya hapo, na mlango mara nyingi ni rahisi kubadilisha kuliko sinki. Familia ingegeuza mlango siku ya kwanza, sinki la sm 68 lingekuwa na sm 61 mbele yake, zaidi ya zile 53. Lingeingia. Lingeshindwa kwa sababu ya trapu, na huenda wangeishi na choo kisichoflashi kwa miaka wakiamini tangi ni dogo.

Karatasi ya boksi ilifanya kazi kuliko mchoro wowote. Haikugharimu kitu, na ilileta sauti ya mtumiaji mahali ambapo kwa kawaida huongea fundi na mwenye fedha peke yao. Udhaifu wake ni kwamba inapima sakafu, haipimi kimo. Kosa la sm 3.5 lilikuwa la kimo, na karatasi isingeliona kamwe. Dawa yake ni chaki: kabla ya kutoboa, chora ukutani mstari wa sakafu iliyomalizika, kuzunguka chumba kizima kwa pimamaji, na fundi bomba na fundi wa marumaru wote wapime kutoka kwenye mstari huo. Hapa mafundi hao wawili hawakukutana hata siku moja. Kila mmoja alikuja mwingine ameshaondoka.

Simenti chini ya sinki bado ni mazoea ya mafundi wengi, na hoja yao ni kwamba skrubu hulegea. Hulegea kweli zikifungwa kwenye marumaru iliyo na uwazi chini yake. Jibu ni kuhakikisha marumaru ya eneo la sinki imejaa gundi kamili, si madoa matano ya gundi, na plagi iingie hadi kwenye zege. Sinki la skrubu linatolewa likiwa zima. La simenti hutolewa vipande.

Jambo moja halikumalizika vizuri. Konekta ya kuhepa ina bega la ndani ambapo karatasi nzito inaweza kujishika, na haifikiki bila kulitoa sinki. Kidirisha cha kuzibulia kiko nje kwenye bendi, sm 30 mbele yake, na waya wa kuzibulia unaweza kurudi nyuma kutoka hapo hadi kwenye konekta. Familia iliambiwa mahali kilipo, na ardhi mbele yake isipandwe mgomba.